Mbegu za Ulaya zinagoma Unguja na Pemba: tizama dalili kwanza ndo ujue mmea unakosa nini

Kila likizo watu wakirudi kutoka Ulaya utaona sanduku linafunguliwa na ndani mna vipaketi vya mbegu, saladi, koliflawa, vitunguu, tulipu za rangi zote, na aliyeletewa anafurahi anapanda uani au kwenye viroba, alafu baada ya miezi miwili mitatu anakwambia ardhi yetu haifai au yeye hana mkono wa kupanda. Jamani ardhi haina kosa na mkono wako hauna kosa. Mimea ile imezoea nchi ambazo nusu ya mwaka watu wanavaa makoti, sisi tuko kama digrii 6 tu kusini ya ikweta na Pemba wako 5, na hata kipupwe kikikolea Julai na Agosti usiku wetu mara nyingi unabaki digrii 20 na kitu.

Sasa watu wakisikia hivo wanasema "aa, unataka baridi huo" basi wanaishia hapo hapo. Lakini baridi si kitu kimoja. Kuna mmea unataka ulale kwenye baridi miezi, kuna unaotaka usiku tu upoe, kuna mwengine hata haulilii baridi, unalilia mchana mrefu, na kuna mmea unakufa kwa maji ya kisima alafu tunasingizia joto. Kila mmoja una dalili yake, na dalili ndo itakwambia kama kuna cha kufanya au uache upande kitu chengine usipoteze maji yako.

Kwanza paketi yenyewe

Paketi nyingi za kule zinaeleza mmea unavumilia baridi kiasi gani. Wamarekani wana ramani ya kanda 13, kanda ya 1 ndo ya baridi kali na sisi kwa hesabu yao tungeingia ya 13. Ramani hiyo inahesabu ule ubaridi mkali wa mwaka peke yake, joto haligusi kabisa, kwa hivo ukiona imeandikwa kanda 3 mpaka 9 usiseme huu mmea mgumu utakaa popote, hapo wanakwambia ukivuka 9 kwenda kwenye joto hawakuahidi kitu. Ndo mana mwaka 1997 jumuiya ya watu wa bustani ya huko huko Marekani ikatoa ramani nyengine ya kanda 12 inayohesabu siku za mwaka zinazopita digrii 30. Kama paketi inataja kanda ya joto, hiyo ndo ya kuisoma sisi.

Jengine ni miezi. Wakiandika panda Machi mpaka Mei wanazungumzia Machi yao baridi inaondoka. Machi yetu jua limetupita utosini na masika yanagonga mlango, mvua ya hapo inafukua mbegu yote. Na wakiandika "jua kamili" ni jua la kule, linapita upande upande. Mmea huo huo hapa mpe jua la asubuhi mpaka saa nne au saa tano alafu kivuli cha makuti.

"Nimemwaga mbegu, hakuna hata moja iliyoota"

Sababu ya kwanza ya kushuku ni joto la udongo, khasa kwa saladi. Mbegu ya saladi udongo ukifika digrii 28, 30 hivi inajifunga, haioti hata ukiimwagilia mara tano kwa siku, haijafa, imelala. Dawa yake ni nyepesi: tia mbegu kwenye kitambaa kibichi, weka ndani ya friji (si kwenye barafu) siku moja au mbili, alafu mwaga jioni kwenye kitalu chenye kivuli, na usifukie sana mana ile inapenda kuona mwanga kidogo.

Sababu ya pili ni mbegu zenyewe zimekufa. Unyevu wa visiwani unaua mbegu haraka, paketi imefunguliwa ikaachwa juu ya kabati kaskazi yote, unategemea nini? Za vitunguu ndo dhaifu zaidi. Jaribu mbegu kumi kwenye tishu mbichi ndani ya sahani ufunike, zikiota chini ya tano basi tupa au mwaga nyingi. Zilizobaki zitie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana pamoja na mchele mkavu kidogo uweke friji.

Ya tatu ni mbegu za miti na maua fulani ya baridi ambazo lazima zilale kwenye ubaridi na unyevu wiki kadhaa ndo ziamke, epo ni mmoja wao. Friji inaweza kufanya kazi hiyo. Kuota itaota. Lakini subiri uone huko chini kwenye habari ya miti.

"Imeota vizuri alafu shingo inalegea inalala chini"

Hii si joto wala baridi. Ni ukungu wa udongo, unaingia miche ikibanana na maji yakisimama, wakati wa masika ndo kwao. Mwaga mbegu kwa nafasi, mwagilia asubuhi si usiku, changanya mchanga na usumba wa nazi kwenye udongo upitishe maji.

"Saladi imesimama kama mnara, na majani machungu"

Hapa mmea umeamua kuzaa kabla haujaliwa. Saladi, kotmiri, spinachi ile ya kweli ya Ulaya, zote joto likizidi zinakimbilia maua, na saladi ikianza kurefuka tu utamu umekwisha, hata ukikata shina hairudi.

Cha kufanya ni kuchagua aina na wakati. Kwenye saladi achana na zile za kufunga kichwa kama kabichi, chukua za majani yaliyo wazi, mana hizo unakata majani machanga unakula huku mmea unaendelea na hata ikija kurefuka wewe umeshafaidi. Miche ianze mwisho wa masika, Mei, uhamishe Juni, ule mpaka Agosti Septemba. Kotmiri usiihamishe kabisa, inakasirika mizizi ikiguswa, mwaga pale pale itakapokulia na kila baada ya wiki mbili mwaga nyengine kidogo. Za Disemba mpaka Februari mimi siwashauri watu, kaskazi ile ni kali kwa saladi hata ukiweka kivuli, msimu huo wa joto kula mchicha na kisamvu na matembele ambavyo hilo jua ndo chakula chao.

"Kabichi limefungua mikono halifungi, koliflawa majani matupu"

Kabichi linapenda digrii 15 mpaka 20 kufunga. Bahati nzuri wazalishaji wa mbegu wameshatengeneza aina zinazovumilia joto, KK Cross ni mojawapo na watu wa nchi za joto wanaipanda siku nyingi. Kwa hivo kabichi likigoma, swali la kwanza ni aina, la pili ni lini ulipanda (lenga lifunge kwenye kipupwe), la tatu ni chakula, mana kabichi linakula sana na kichanga chetu hakishiki mbolea, samadi iliyooza vizuri lazima iwe nyingi na si mara moja.

Koliflawa ni kesi tofauti. Aina nyingi za Ulaya zinasubiri kipindi cha ubaridi ndo zianze kutengeneza lile ua jeupe, bila hicho kipindi mmea unakaa unatoa majani mwezi baada ya mwezi, mkubwa mashaallah, katikati hakuna kitu. Hakuna mbolea itakayosaidia hapo, na watu wanazidisha yuria bure. Tafuta aina za nchi za joto, zipo za kutoka India na Mashariki ya mbali, za Ulaya mpe mbuzi.

"Vitunguu vina majani mazuri, chini hamna kitunguu"

Hii ndo inayoumiza watu zaidi mana mmea unaonekana mzima kabisa, kijani, hauna ugonjwa, miezi minne unamwagilia, ukivuta unatoka kama kitunguu jani kinene. Na wengi wanasema joto. Si joto.

Kitunguu kinahesabu saa za mwanga. Aina za Ulaya kaskazini zinasubiri mchana wa saa 14 mpaka 16 ndo zianze kuvimba chini, na London mwezi wa Juni mchana unapita saa 16. Sisi mwaka mzima mchana wetu uko karibu na saa 12, unazidi kidogo Disemba unapungua kidogo Juni, basi. Kitunguu cha Uingereza kikipandwa Bambi au Konde kitasubiri siku ambayo haiji. Huwezi kukitibu, si kwa majivu si kwa mbolea, kilichobaki ni kung'oa ukatie majani kwenye mchuzi.

Unachotakiwa kununua ni vitunguu vya siku fupi ambavyo vinavimba kwa saa 11 au 12. Red Creole na Bombay Red ndo zinazojulikana sana Afrika Mashariki, vile vyekundu vya Mang'ola unavyoviona Darajani na Mwanakwerekwe ni vya kundi hilo. Ukimwagiza mtu mbegu mwambie kwa maneno hayo hayo, vya siku fupi, asipoona neno hilo kwenye paketi asinunue. Na vitunguu vikomae wakati mkavu, vikikutwa na mvua shingoni vinaoza hata ukivianika.

Thomu (kitunguu saumu) ni ndugu yake lakini shida yake mbili kwa moja, inataka baridi kwanza na mchana mrefu baadae. Ikikosa baridi inatoa kidonge kimoja cha duara bila punje. Watu wanajaribu kuweka punje friji wiki sita mpaka nane kabla ya kupanda na inasaidia kidogo, lakini kwa bei ya umeme mimi naona bora panda kwa ajili ya majani yake, mazuri sana kwenye mayai na samaki, na thomu yenyewe waachie watu wa Mbulu.

"Mbatata imejaa majani, nimechimba nikapata gololi"

Usiku. Mbatata inatengeneza viazi usiku ukiwa chini ya digrii 20, ukizidi hapo chakula chote kinabaki juu kwenye majani. Lushoto ni kama mita 1,400 juu ya bahari na kila mita 100 ukipanda unapoza nusu digrii na ziada, ndo mana kule zinakubali. Unguja hata usimame kileleni Masingini hufiki mita 150. Hii haina ujanja, na ardhi ya kuihangaikia mbatata ingekupa majimbi, viazi vikuu na muhogo bila ugomvi.

"Mti wa epo una miaka mitano, haujatoa hata ua"

Nitakaa hapa kidogo mana miti watu wanaipenda na inachukua miaka kugundua tatizo, si kama saladi.

Epo, peasi, plamu, cheri, miti hii ikifika majira ya baridi inalala. Inafunga vitumba vyake na ndani yake kuna hesabu, inajumlisha saa za ubaridi chini ya digrii 7 hivi. Epo nyingi zinataka saa 800 mpaka 1,000 kwa mwaka. Zikishatimia mti unajua baridi imepita, ukipata joto unachipua na maua pamoja. Sisi saa hizo kwa mwaka mzima ni sifuri. Kwa hivo mti unafanyaje? Unatoa majani ncha za matawi tu, katikati ya tawi mtupu, unakaa na majani yale yale makuukuu hayaanguki, unarefuka kama fimbo. Ukiona dalili hizo tatu pamoja, ncha ina majani, tawi uchi, maua hakuna, basi ni njaa ya baridi wala usipoteze pesa kwa dawa.

Zipo epo za baridi kidogo, Anna na Dorsett Golden, zinazoomba saa 200 mpaka 300 hivi. Bado sisi hatuna. Lakini kuna jambo linafanyika Indonesia, milima ya Batu kule Java mashariki, nao wako karibu na ikweta: baada ya kuvuna wanapukutisha majani yote kwa mkono, mti unadanganyika kama umepita majira, unachipua tena na maua. Wanavuna mpaka mara mbili kwa mwaka. Mtu mwenye mti wa Anna tayari na subira anaweza kujaribu, apukutishe, akunje matawi yalale upande badala ya kusimama, apunguze maji wiki chache kabla. Asitegemee sana lakini, kwa sababu kule wako milimani usiku unapoa, na hapa unyevu wetu unaleta ukungu juu ya majani machanga.

Zabibu zisichanganywe na epo. Zabibu hazina shida hiyo kubwa, Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka na kule hakuna theluji, siri ni kupogoa. Mzabibu wako ukiwa majani matupu, kata kata kweli, acha vijiti vifupi vyenye macho mawili matatu, ufanye hivo wakati mkavu. Adui wa zabibu visiwani ni unyevu, kwa hivo uweke penye upepo.

Ukitaka mti wa matunda uani na nafasi ni ya mti mmoja, jamani tuna shokishoki, mastafeli, na mtofaa wetu wenye ua la pinki linalotandika chini zulia zima. Hii miti haiombi saa hata moja.

"Tulipu zimetoa jani moja zikalala"

Kitunguu cha tulipu kinataka wiki 12 mpaka 16 kwenye ubaridi wa kama digrii 5. Friji inawezekana, kwenye mfuko wa karatasi, lakini usikiweke pamoja na ndizi au maembe yanayoiva, ile gesi ya matunda inaua kitumba cha ua ndani. Hata ukifaulu, ua litafunguka na kumwagika ndani ya siku chache, na mwaka wa pili hakirudi. Kwa harusi sawa. Kwa bustani panda asumini, vilua, mlangilangi, waridi.

Stroberi nayo wanaiuliza sana. Ikiwa inatoa kamba kamba kila upande na maua hakuna, ni usiku wa joto tena, mchana wetu mfupi hauna tatizo kwake. Kata kamba zote, chagua aina zisizohesabu siku kama Albion, weka kwenye chungu upande wa jua la asubuhi, na tegemea matunda machache ya kipupwe kuwafurahisha watoto. Biashara hapana.

Dalili ambazo zinasingiziwa joto na wala si joto

Ncha na kingo za majani zinakauka rangi ya kahawia, zikianzia majani ya chini: hiyo chumvi. Visima vya karibu na pwani vinaingia maji ya bahari, onja tu utajua, au tizama ukoko mweupe juu ya chungu. Maharage, karoti na stroberi ndo zinaonesha mwanzo. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya hizo. Jua likiunguza linafanya tofauti, linatia mabaka meupe juu ya jani, upande unaotizama jua tu.

Majani machanga yanakuwa njano na mishipa inabaki kijani: ni chokaa ya mawe. Upande wa Paje, Jambiani, Makunduchi na Micheweni udongo umekaa juu ya matumbawe, chuma kipo lakini mmea haukipati. Blubberi inataka udongo wenye asidi, pH ya 4.5 mpaka 5.5, kwenye maweni haikai hata wiki mbili nzuri, usiiagize. Yakianza njano majani makuukuu ya chini, jani zima, hapo ni njaa ya naitrojeni, tia samadi.

Karoti zina matawi kama vidole: mawe au samadi mbichi. Zina vinundu nundu vidogo kwenye mizizi: minyoo ya udongo, hamisha sehemu.

"Karoti na kabichi langu halitoi mbegu nikahifadhi"

Halitatoa. Mimea hii inazaa mwaka wa pili baada ya kupitia baridi, sisi hatuna hiyo baridi, kwa hivo mbegu utanunua kila msimu. Lakini upande huo huo kuna faida kubwa ambayo watu hawaioni: ile spinachi ya majani mapana na shina nene inayouzwa sokoni, na sukuma wiki, nazo ni za aina hiyo hiyo, na kwa kuwa hapa hazipati ishara ya kuzaa zinakaa zinatoa majani mwaka mzima. Kule Ulaya wanachuma, ikipita baridi zinatoa maua na hadithi imekwisha. Kwa hivo ukitaka kitu kimoja tu kutoka kwenye sanduku lile, omba hizo.

Na ndugu aliyeko kwenye baridi akikuomba mbegu za hapa

Mambo yanageuka. Mchicha mpelekee, unakua miezi yao ya joto haraka sana. Bamia itakubali akiiotesha ndani ya nyumba kwanza na kuitoa nje udongo ukishapata joto, na afadhali iwe karibu na ukuta unaopigwa na jua au ndani ya nyumba ya kioo. Mbaazi usimpelekee, mbaazi nyingi zinasubiri mchana ufupike ndo zitoe maua, kule mchana unafupika wakati barafu inakaribia, atapata mti mrefu wa majani unaokufa Novemba. Muulize pia nchi yake inaruhusu mbegu za nje au hapana, na sisi hapa vile vile, mbegu na miche inatakiwa iwe na cheti cha afya ya mimea na ioneshwe kwa wakaguzi bandarini au uwanja wa ndege. Mche wenye udongo usiubebe kabisa hata ukiwa mzuri vipi, ugonjwa mmoja wa mizizi ukiingia kisiwani hautoki, na minazi na mikarafuu yetu ndo itakayolipa.